Kamati ya Mtungi wa Gesi

Upumbavu wa kawaida humjia mtu ghafla, akashtuka yuko ndani yake. Upumbavu wa shemeji yangu na gari lake ulikuwa na mwenyekiti, katibu na daftari la kumbukumbu za mikutano. Najua, kwa sababu katibu nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nami nikarudi Ukambani na vitabu vya fizikia na ile imani ya wasomi wachanga kwamba hakuna kitu cha kuaminiwa mpaka kipimwe. Kwa baba sikumaliza wiki mbili. Tuligombana kuhusu kuombea chai. Sisemi chakula, nasema chai, ya saa nne, ya rangi. Nikahamia kwa dada yangu karibu na soko la Kabati, ambako waliomba vilevile lakini hawakunilazimisha kufumba macho.

Dada alikuwa muuguzi wa pekee katika zahanati moja ya kaskazini, mwendo wa kilomita ishirini na kitu kutoka nyumbani. Akina mama walitoka makwao kabla ya jua wakiwa na watoto mgongoni, na ikifika saa mbili mlango bado umefungwa, walianza kurudi mmoja mmoja. Hawakurudi kwa hasira. Kulikuwa na maji ya kuteka mtoni kwenye mchanga na mbuzi wa kufungulia, na mtoto ambaye hakupata chanjo wiki hii huenda asiletwe tena mpaka augue. Kwa hiyo maisha ya dada yangu yalikuwa na sheria moja: saa mbili kasoro robo awe pale na funguo mkononi.

Wa kumfikisha alikuwa mumewe, mkaguzi wa shule mwenye ofisi Kitui mjini. Kila asubuhi alimpeleka kaskazini kwanza, ndipo akageuza kwenda kazini. Na gari alilomfikishia, Mungu wao awasamehe, lilikuwa gari la rali.

Alilinunua Nairobi kwa mtu aliyechoka kushindana. Ndani lilizungukwa na vyuma kama kizimba cha kuku. Viti vya mbele viwili vilimkumbatia mtu kiunoni mpaka akahitaji kusaidiwa kutoka, na nyuma, mahali palipokuwa hapana kiti, fundi wa Kabati alifunga benchi la pikapu. Ekzosi yake ilisikika kabla gari halijaonekana. Jumapili, watoto wa dada waliingia kanisani wamechafuka kutu ya vile vyuma. Mama yangu hakuwahi kulipanda. Mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa karibu hivyo kwetu, na katika gari lile hata mtu na kivuli chake walikaa karibu mno. Nadhani ni mara moja tu desturi zetu zilimfaa mtu.

Basi siku moja, shemeji akipanda mlima upande wa Makueni, akapitwa na kontrakta wa mabwawa mwenye gari jipya lenye turbo. Kupitwa si jambo. Lakini yule kontrakta alitoa mkono dirishani akampungia polepole, kama mtu anavyompungia mtoto aliye kando ya barabara. Shemeji alirudi nyumbani hakula. Mtu mzima, mwenye kukagua walimu wakuu, shemasi kanisani, alikaa na sahani ya mahindi ya muthokoi mbele yake akieleza habari za mkono.

Alikuwa na rafiki waliyesoma naye, aliyekuwa Amerika. Akamwandikia. Baada ya miezi ikaja katalogi, na baada ya katalogi, rafiki mwenyewe alipokuja kumzika baba yake, likaja boksi. Ndani mlikuwa na mitambo ya kulisha injini gesi ya naitrasi, na mtungi wake.

Niliombwa nieleze, nikaeleza, na ninakiri nilifurahia. Petroli haiungui peke yake, inataka hewa. Gesi hii inabeba oksijeni nyingi kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo injini ikilishwa gesi hii pamoja na petroli ya ziada, inaunguza mafuta mengi kwa mpigo mmoja na gari linaruka. Unabonyeza kitufe kwa sekunde chache, umekanyaga mafuta mpaka chini, basi. Hospitalini gesi hiyohiyo huwalaza wagonjwa wa kupasuliwa. Si uchawi wala si dhambi, ila ukiikosea kipimo inatoboa pistoni.

"Kwa hivyo tunahitaji kuchagua vizuri," alisema shemeji.

Nikasema nipeni katalogi, kesho jioni nitawapa jibu.

Wapi. Huku kwetu mtu hachagui kitu peke yake. Ukitaka kuchimba kisima kuna kamati, ukitaka kuoza binti kuna kamati, mwizi wa kuku akikamatwa kuna kamati ya kuamua apelekwe kwa nani. Jumamosi iliyofuata watu sita tulikaa kwenye gereji nyuma ya maduka ya Kabati. Alikuwepo fundi mwenye gereji, mwenye kinu cha posho, walimu wakuu wawili ambao hawakuthubutu kumkatalia mkaguzi wao, shemeji, na mimi. Mwenye kinu akafanywa mwenyekiti kwa sababu alikuwa na injini kubwa kuliko wote, ya dizeli, iliyofungwa kwenye saruji, isiyokwenda popote. Mwalimu mkuu mmoja akafungua kwa maombi. Aliomba hekima ya Sulemani itushukie katika habari ya jeti na vali.

Katalogi ilitoa njia mbili za kulisha gesi. Ya kwanza hupuliza gesi peke yake na kuutegemea mfumo wa gari wenyewe kuongeza petroli. Ya pili huleta gesi na petroli pamoja, kupitia kibao kinachokaa chini ya kabureta. Gari la shemeji lilikuwa la kabureta, halina kompyuta ya kuliambia liongeze chochote. Njia ya kwanza ingeliua siku ya kwanza. Hapakuwa na la kujadili, na boksi lililokuja lilikuwa la njia ya pili tayari. Walijadili saa nzima. Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini petroli iingie kwa milango miwili wakati nyumba nzuri ina mlango mmoja.

Baadaye wakafika kwenye blanketi. Ndiyo, blanketi. Mtungi wa gesi ukipoa sana presha hushuka, basi kule Amerika kwenye theluji wanauzungushia blanketi la umeme. Kwenye boksi lilikuwemo. Kamati ikapitisha lifungwe. Niliwaambia kwamba Kitui, ndani ya buti iliyofungwa, saa nane mchana, mtungi huo hauhitaji blanketi, unahitaji mwamvuli, kwamba presha ikizidi, sahani ya usalama iliyo mdomoni mwake itapasuka na gesi yote itakwenda zake. Mwenye kinu alinitazama kwa huruma.

"Kijana," akasema, "mzungu hawezi kuweka kitu kwa boksi bure."

Aliyetuokoa hakuwa kwenye kamati. Dereva wa lori la Garissa, Msomali mrefu aliyekuwa akizibiwa tairi palepale gereji, alisikiliza kwa muda, akauliza kile kitambaa ni cha nini. Akaambiwa. Akacheka mpaka akaegemea lori lake.

"Mimi natoka Garissa natafuta baridi," akasema. "Nyinyi mko na baridi mnaipika?"

Akatuonyesha mfuko wa turubai wa maji aliouning'iniza mbele ya lori, unaotoka jasho na kupoa kwa upepo. Mtungi wenu, akasema, uvisheni gunia lililolowa, mwache upepo uingie. Ndivyo ilivyokuwa. Tulifunga mtungi nyuma ya kiti cha mbele badala ya kwenye buti, tukauvika gunia, na kila asubuhi shemeji alilimwagia maji kama anayemwagilia mche. Katika kumbukumbu za mkutano niliagizwa kuandika kwamba kamati, baada ya kutafakari, iliona vyema kuahirisha blanketi.

Jambo la tatu ndilo lililokuwa na uzito. Nguvu. Ndani ya boksi mlikuwa na jeti za namna tatu, vipande vidogo vya shaba vyenye tundu katikati. Zile za tundu dogo ziliongeza nguvu ya farasi hamsini, za kati mia moja, za tundu kubwa mia na hamsini. Injini ya shemeji ilikuwa imezeeka kwenye vumbi la rali na bado ilitakiwa kumpeleka dada kazini kila siku. Nilisema hamsini, na hata hizo tuzipe taimingi ya nyuma kidogo, yaani cheche ichelewe, na plagi za baridi zaidi, zisizoshika moto upesi. Niliandika hesabu ubaoni, maana gereji ilikuwa na ubao, wa kuandikia wadaiwa. Fundi akaniunga mkono. Walimu wakuu, wakimwangalia shemeji usoni, wakasema mia na hamsini.

Mwenyekiti akawaza. Kisha akafanya alivyozoea kufanya kwenye kesi za mipaka ya mashamba. Hawa wanataka hamsini, akasema, na hawa mia na hamsini. Sisi ni watu wa amani. Tuchukue mia moja, kila mmoja arudi kwake ameridhika.

Wakapiga makofi. Nguvu ya injini iligawanywa kama mbuzi wa sherehe, huyu paja, yule kidari. Chuma hakikuulizwa kama kimeridhika. Mwalimu mkuu wa pili akafunga kwa maombi.

Nilifanya nililoona ni la mtu mwenye akili. Ijumaa fundi alipokwenda kula, nilifungua kibao, nikatoa jeti za mia moja, ya gesi na ya petroli, nikaweka za hamsini. Sikumwambia mtu. Nilizitia zile nyingine mfukoni, na jioni nilikaa nao mezani nikawasikiliza wakizungumza kuhusu farasi zao mia moja, nikajisikia kama mtu pekee aliye macho katika nyumba ya usingizi.

Jumamosi tukalijaribu kwenye kipande kilichonyooka cha lami. Shemeji akakanyaga mafuta hadi mwisho, akabonyeza. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito, nasi tukasukumwa nyuma vitini. Kwa sekunde tano, na ninalisema kwa shingo upande, lilikuwa jambo zuri sana. Aliposimama alinigeukia.

"Umesikia hizo mia, muthoni?" akaniuliza, kwa neno letu la shemeji.

Nikasema nimezisikia. Nilimdharau kiasi kwamba nilimpenda kidogo.

Nyumbani dada alikuwa akipanga kadi za kliniki mezani. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Jumatatu saa moja itakuwa mlangoni?"

"Mama watoto, hii gari sasa itakufikisha kabla hujaondoka."

"Mimi sitaki kufika kabla. Nataka kufika."

Jumatatu ndiyo siku ya chanjo. Kutoka Kitui alikuwa amepata dawa za juma lile, zimo ndani ya kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu, naye alikikalisha mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, kati ya vyuma, nikienda tu kwa sababu sikuwa na kazi. Tulichelewa kutoka kwa dakika kumi, kwa kuwa shemeji alikuwa akimwagilia gunia lake.

Tulipoacha nyumba za mwisho tukalikuta lori la mbuzi likipanda kilima polepole, linatutimulia vumbi na mavi makavu. Dada akatazama saa yake. Shemeji akaona.

"Leo hatuchelewi," akasema, akatoka upande wa kulia, akakanyaga, akabonyeza.

Tulilipita lori. Hilo liingie kwenye kumbukumbu. Mbuzi wa juu walituangalia tukipita. Kisha nikasikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa kwenye mkebe, na kabla sijafungua kinywa kusema aachilie, kikaja kishindo kimoja kikubwa cha chuma, moshi wa buluu ukajaa nyuma yetu, na gari likawa linateleza kimya kando ya barabara. Kimya kile ndicho nilichokikumbuka baadaye. Gari lile halikuwahi kuwa kimya.

Shemeji akafungua boneti akasimama. Dada hakuangalia boneti. Alishuka kwa shida kwenye kile kiti, akakitia kisanduku kichwani, akavua viatu vyeupe vya kazi akavishika mkononi, akaanza kutembea. Dereva wa lori la mbuzi, ambaye angeweza kumbeba, alikwisha kutupita akipiga honi ya furaha.

Nikamfuata. Zilibaki kilomita nane hivi. Nilimpokea kisanduku, na njiani nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kila kitu. Kwamba hazikuwa mia, zilikuwa hamsini, niliwabadilishia. Kwamba taimingi niliipima mwenyewe. Kwamba hesabu zote zilikuwa sawa na hakuna sababu ya injini kugonga vile, isipokuwa petroli yenyewe iwe mbovu, na petroli shemeji alinunua supa, ile ya bei ya juu.

"Alinunua wapi?" akauliza dada.

Pale kituoni Kabati, nikasema, kwa yule anayeuza petroli ya madebe, kwa kuwa Kitui pampu zilikuwa zimekauka wiki hiyo.

Akatembea hatua kadhaa.

"Ile inachanganywa na mafuta ya taa," akasema. "Kila mtu anajua. Friji yangu ya dawa inatumia mafuta ya taa, mimi naijaza kila wiki. Jana nilipopita karibu na gari nikasikia harufu ya friji yangu."

Nilisimama. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake. Gari la kawaida hulalamika kidogo likaendelea. Injini ukiilisha gesi juu yake, hata ya farasi hamsini, petroli hiyo inatoboa pistoni kama msumari unavyotoboa papai. Nilikuwa nimemtilia shaka Mungu, katalogi, mwenyekiti na Sulemani mwenyewe. Debe la petroli sikulitilia shaka. Sikuinama hata kulinusa.

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa kamati ya watu sita," akasema dada. "Nani kati yenu aliniuliza?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayejibu mgonjwa aliyeuliza dawa anywe mara ngapi.

Tulifika saa tatu na nusu. Kwenye vumbi la mbele ya zahanati kulikuwa na alama za miguu mingi na wanawake tisa tu. Wengine, wakasema, wamerudi. Mmoja alitoka mbali sana, alikuwa na mapacha, aliondoka dakika chache zilizopita kwa njia ya mtoni. Dada akanituma nimkimbilie. Nilikimbia mpaka mtoni na kuvuka mchanga wote, nikaita, sikumwona. Niliporudi, vipande vya barafu vilikuwa vimegeuka maji na dada alikuwa ameshika chupa moja moja akiinua kwenye mwanga, anachagua za kutumia na za kumwaga. Alimwaga nyingi kuliko alizobakiza.

Kamati ilikaa Jumamosi. Fundi alileta pistoni yenye tundu, ikapitishwa mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka. Iliamuliwa kwamba mia moja zilikuwa nyingi mno, na kwamba yule aliyetaka hamsini, yaani mimi, aliona mbele. Mwenyekiti alinipongeza. Ningeweza kuipokea sifa hiyo. Badala yake nikazitoa zile jeti mfukoni nikaziweka mezani, nikawaambia zilikokuwa na yaliyokuwa kwenye debe. Mwenye kinu akaniambia kwa upole kwamba jambo hilo halikuwa kwenye ajenda, niliandike chini ya mengineyo.

Wiki hiyohiyo dada alihama. Hakugomba. Nyuma ya zahanati kulikuwa na chumba cha muuguzi ambacho popo walikuwa wamekimiliki. Akakifagia, akakipaka chokaa, akapeleka kitanda na mtoto wake mdogo kwa mkokoteni wa punda. Wakubwa aliwaachia baba yao na mama yake shemeji, kila Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi nilibeba godoro. Shemeji aliuliza atapikiwa na nani, na dada akamwambia hilo ni swali zuri, aliitie kamati.

Nilibaki pale zahanati, nikipima watoto uzito na kuandika kadi, mpaka chuo kilipofunguliwa. Kwa mtu aliyekwisha kusoma Newton ilikuwa kazi ndogo. Siku ya kwanza niliikosea mara mbili.

Jumatatu ya nne, kama saa tatu, tukasikia ekzosi kabla ya kuona gari. Lilikuwa limetengenezwa. Shemeji alisimama nje akapiga honi, injini ikinguruma, maana alikuwa amekuja kumchukua mkewe arudi nyumbani na alitaka kila mtu ajue kwamba gari ni zima. Dada alikuwa ameshika mguu wa mtoto, sindano mkono mwingine. Benchi lilikuwa limejaa, na wengine walikaa chini ukutani.

"Nenda umwambie azime," akasema bila kugeuka. "Watoto wamelala."

Nikaenda nikamwambia. Alinitazama, akatazama ule mstari wa wanawake, akazima. Nilirudi kwenye mizani yangu. Baadaye kidogo nikamwona ameingia, kofia mkononi, akitafuta pa kusimama. Mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi alimsogeza mtoto wake pajani, na yule mkaguzi wa shule akaketi, akangoja zamu.